Geti la Mwalimu na Makosa ya Neno Oke

Kwa Mhariri Mkuu wa Kamusi ya Kiingereza,
Popote ulipo na vitabu vyako.

Ndugu Mhariri,

Barua hii ikukute mzima, meza yako imara na wino haujakauka. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha katika karakana ya mjomba wangu. Hunijui, lakini usijilaumu. Hata wateja wetu wengi walikuwa hawanijui mpaka Jumatatu iliyopita, na sasa wananijua kuliko nilivyotaka. Elimu yangu ni darasa la saba, ambalo nililipenda kiasi cha kulirudia. Kiingereza changu ni kidogo lakini kina afya. Ndicho kilichonipatia ulinzi wa simu ya karakana, maana siku mjomba alipouliza nani anaweza kuwajibu wateja kwa lugha zote, niliinua mkono kabla hajafika kwenye "zote".

Naleta kwako malalamiko rasmi dhidi ya neno lenu moja, yaani oke. Naomba lichunguzwe, lisimamishwe kazi, na mimi nipewe barua yenye muhuri inayosema kosa ni lake. Naihitaji kabla ya Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku mjomba ataamua kama nabaki karakana au narudi nyumbani kwa mama. Mama nimeshamtumia picha nimevaa miwani ya kuchomelea, na ameionyesha mtaa mzima, wakiwemo watu ambao hawakuuliza. Nitarudi na uso gani?

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Neno hili halina kazi maalumu. Mimi nimefundishwa kwamba nyundo ni ya kugonga na msumeno ni wa kukata. Oke inagonga, inakata, inapaka rangi na kufagia. Mteja akisema nitakuja kesho, oke. Akisema sitakuja kesho, oke. Mwenzangu Cheche, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila shati lake lina matundu ya cheche za moto, akikata bomba likanyooka husema oke. Akijikata kidole, tukimkimbilia, anasema oke, oke, huku damu inachuruzika. Sasa tumwamini kwenye bomba au kwenye kidole?

2. Maana yake iko kwenye sauti, na kwenye maandishi sauti haipo. Mjomba ana oke tatu. Ya kwanza ni fupi, ya kukubali. Ya pili ni ya kukata simu wakati mteja bado anaeleza. Ya tatu ni ndefu, inaanzia puani, "okeeee", na ukiisikia hiyo tafuta ufagio hata kama pameshafagiliwa. Mkewe naye ana ya nne. Ukimwambia umeshiba anasema oke, kisha anakuongezea chakula.

3. Linatumiwa na waoga. Dada yangu alimwandikia mchumba wake ujumbe mrefu wa moyoni, wenye machozi na nukta zake. Akajibiwa oke. Dada alikaa na simu siku mbili akiigeuzageuza kama mtu anayetafuta betri ilipo. Mwisho akaniletea mimi nimtafsirie, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia. Nikaliangalia lile neno kwa mbali, nikaliangalia kwa karibu, nikamwambia: "Anakupenda, ila yuko kazini." Siku hizi hawasalimiani. Hilo nalo naliandika kwenye jina lenu.

4. Hapa ndipo penye kidonda. Kwetu geti huchorwa kwanza kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake wenyewe, kisha vyuma hulazwa juu ya mchoro na kuchomelewa papo hapo. Anayeshika simu ndiye anayeshika chaki. Nikichora, kinakuwa chuma. Sasa kuna Mwalimu mstaafu, mama mtu mzima, aliyefundisha nusu ya mtaa huu na kuitia adabu nusu iliyobaki. Aliagiza geti. Mchoro ukiwa tayari sakafuni, akatuma ujumbe: "Kijana, nguzo zimejengwa nene kuliko nilivyotarajia. Punguza upana wa geti kwa sentimita kumi na mbili. Umenielewa?"

Nikajibu oke.

Jumatatu tukalipeleka. Bawaba zilikaa, rangi ilikuwa inang'aa, na mimi nilishasogea mahali pazuri pa kupigwa picha. Tukalifunga. Likafunga upande mmoja. Upande wa kitasa palibaki pengo la karibu shibiri nzima. Tukiwa bado tumeduwaa, kuku wa jirani alipita pale bila hata kukunja bawa, akafuatwa na mwenzake, kisha wakatoka tena, kana kwamba wametumwa kulijaribu.

Mwalimu akavaa miwani. "Fundi, hili geti ni la kumzuia nani?"

Cheche, ambaye mdomo wake hauna bawaba, akasema, "Wezi wanene, Mwalimu."

Mwalimu hakucheka. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyeniandikia oke?"

"Ndiyo, Mwalimu. Shikamoo."

"Shikamoo ulishanipa. Ulisoma nilichokuandikia?"

Ndugu Mhariri, mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Nikamjibu, "Kusema kweli sikusoma, Mwalimu. Nilijibu oke tu. Si unalijua hili neno lilivyo?" Mjomba akaitoa ile ya tatu, ya puani. Tangu siku hiyo sijashika simu wala chaki. Nafagia. Na vumbi la karakana yote sasa tunajuana kwa majina.

5. Kutokana na hayo, natoa hoja ambayo naamini hata wewe utaipigia makofi. Oke haimaanishi nimesoma. Haimaanishi nimeelewa, wala nimekubali, wala nitafanya. Inamaanisha simu yangu ina chaji na kidole changu kizima, basi. Neno aminifu lingegoma kutoka kwenye simu ya mtu asiyesoma. Neno "ndiyo" lina aibu, ukilisema kwa uongo linakukwama kooni. Hili lenu halina koo.

6. Hivyo naomba hatua zichukuliwe kwa mpangilio. Kwanza, neno hili litolewe kwa kibali, na mwombaji apewe mtihani. Pili, mtu mmoja asilitumie zaidi ya mara tatu kwa siku, isipokuwa Cheche akijikata. Tatu, kwa kuwa ni neno lenu ndilo lililotoboa ua wa Mwalimu, nyinyi wenyewe mje mzibe. Sisemi mje na vyuma. Nimeshaiona kamusi yenu kubwa kwenye duka la vitabu, na nikikadiria kwa macho, ambayo ni macho ya fundi, kamusi thelathini zikipangwa juu kwa juu zitaziba pengo mpaka mahali ambapo kuku wa kawaida anakata tamaa. Nne, kama kamusi hazitoshi, Mhariri uje usimame hapo mwenyewe, kwa zamu na wasaidizi wako, mpaka neno litakapotengemaa. Mwalimu hutoa kiti kwa wageni.

7. La saba sina. Lakini malalamiko ya watu wenye akili zao hayaishii sita.

Nakuomba uwasalimie wote hapo ofisini, kuanzia wanaotafuta maneno mapya mpaka anayefuta vumbi kwenye ya zamani. Huyo wa vumbi msalimie mara mbili, mwambie ana ndugu huku.

Ni mimi, mwenzako katika lugha,

Fundi (mpaka Ijumaa).

Nyongeza: Kabla ya kuifunga bahasha nilimpa mjomba aisome, ili aone mpwa wake anavyojua kupanga hoja. Aliisoma amesimama, mara mbili. Kisha akaniuliza jambo moja tu. "Kama ujumbe hukuusoma, geti lingebaki na upana wa mwanzo, lisingeingia katikati ya nguzo. Hili limekuwa dogo. Nani alilipunguza?"

Nikatafuta malalamiko namba ngapi yanajibu hilo. Hakuna.

Akaweka futi ya kupimia mezani, akaivuta. "Nionyeshe kumi na mbili." Nikamwonyesha. "Hizo ni inchi, mpwa wangu. Sentimita ziko ukingo wa pili."

Basi, Ndugu Mhariri, ukweli ni kwamba ujumbe wa Mwalimu niliusoma mara nne. Miaka yote miwili niliyokaa karakana, Cheche ndiye hupima, na mimi huchora pale anapoweka kidole. Siku ile Cheche hakuwepo. Nikavuta futi, nikaona kumi na mbili mara mbili, kila ukingo na yake, nikachagua ile yenye maandishi makubwa. Ningeweza kupiga simu kumuuliza mjomba. Lakini mimi ndiye ninayejua lugha zote, kwa hiyo sikuuliza, na Mwalimu aliponibana niliona afadhali niitwe mvivu kuliko mjinga.

Mjomba hakunifukuza. Amesema Ijumaa nije mapema anifundishe futi kuanzia moja, kisha tuliongeze upana lile geti. Ila kwanza niende kwa Mwalimu, peke yangu, nikamwambie kilichotokea kwa mdomo wangu, ndipo chaki nitaipata. Naenda jioni hii, nimeshaoga.

Barua yenye muhuri msihangaike nayo tena. Lakini kama kwenye kamusi yenu kuna ukurasa wenye maneno ya kumwambia mwalimu kwamba hukujua, na kwamba ulikuwa na miaka miwili ya kuuliza ukanyamaza, naomba mnipigie simu kabla sijafika mlangoni kwake. Kama haupo, nitabisha hivyo hivyo.