Kuhusu Pua ya Waziri Mkuu Iliyo Dirishani Kwako

Kwa Bi Keziah Trimmel,
Muuza Picha, Strand, London.

Mheshimiwa Bibi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na duka lako likiwa tupu. Mimi ni mwandishi wa vijitabu, na kwa miaka mingi nimempiga vita Waziri Mkuu wetu, Sir Lucius Garrowby, kwa hoja, kwa historia na, ilipobidi, kwa Kilatini. Leo naandika kumtetea. Tafadhali keti kwanza.

Unajua kwamba kesho Bunge litajadili kodi mpya ya mishumaa. Unajua pia kibonzo ulichotundika dirishani: Sir Lucius ameingiza kichwa katika dirisha la mjane anayeshona, na pua yake, ndefu na yenye umbo la ile kofia ya bati ya kuzimishia mshumaa, ameufunika nayo moto wa maskini yule. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umevunja maandamano yangu. Jumatatu tulitoka mitaa ya mashariki, washonaji na wachapaji, tukipeleka ombi letu nyumbani kwa Waziri. Mbele yetu alitembea Bi Dorcas Lamming, mjane aliyenipangisha chumba. Mchana hufua nguo za watu na jua likizama hushona glavu. Kodi ikipita, mshumaa utakula chote anachoshona. Hasira ya watu ilikuwa imeiva, Bibi. Niliipika mwenyewe, kijitabu baada ya kijitabu. Kisha tukafika dirishani kwako. Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Dorcas. "Akipiga chafya huyo," akasema, "London nzima gizani." Muuza chaza mmoja akadakia, "Shoga, pua hiyo ni ya serikali. Kila ikirefuka, unalipa wewe." Nikawasihi twende. Wakaniambia, "Tangulia tu, Bwana Tuckwell, tuko nyuma yako." Nikatangulia. Mlangoni kwa Waziri tulifika wawili: mimi, na kipofu mmoja ambaye hakuwa na namna ya kukiona kibonzo chako.

2. Mtu aliyechekwa hachukiwi tena. Waziri alipopita na gari lake la farasi, watu wako wa dirishani walimshangilia. Mmoja alimpigia kelele, "Mheshimiwa, pua mbona fupi? Tumepunjwa." Naye akavua kofia, akatabasamu. Wauza samaki ambao Jumapili walitaka anyongwe walirudi nyumbani wakisema kumbe ana meno mazuri.

3. Sasa linganisha na picha yake ya rangi za mafuta iliyo kwenye maonyesho, ile ambamo amevishwa shuka la Kirumi, kidole juu ya tufe la dunia, na nyuma yake radi inayosubiri amri yake. Nilimwona mchinjaji mmoja, mtu mpole, akiitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Alitoka amekunja ngumi. Hakuna aliyecheka mle ndani. Picha ile imetuzalia waasi wengi kuliko vijitabu vyangu vyote. Kwa hiyo mchoraji anayemsifu Waziri ndiye adui wake wa kweli, nawe, Bibi, ndiwe mlinzi wake wa mlangoni.

4. Pembeni mwa kibonzo yuko kijitu amekumbatia rundo la karatasi, mdomo umepanuka kama tanuri la mkate. Watu wanasema ni mimi. Kwa nafsi yangu sijali hata kidogo. Aondolewe.

Basi naomba pua ifutwe. Sir Lucius achorwe mzuri, mashavu ya malaika, macho ya huruma, na chini yake yaandikwe maneno yake mwenyewe: kwamba maskini akikosa mshumaa atalala mapema na kuamka na siha njema. Usiongeze neno, usipunguze. Watu wakiyasoma hayo bila pua ya kuchekea, Mungu amsaidie. Hilo likikushinda, funga duka mpaka kura ipigwe. Na hilo nalo likikushinda, nitaliomba Bunge litoze kodi kicheko, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho serikali hii haijakitoza, na ndicho kinachoiweka madarakani.

Nisalimie mchoraji wako, na wasichana wanaopaka rangi, hasa yule aliyeona vyema kuipaka pua wekundu. Msalimie na paka wako wa dirishani, ambaye ndiye raia pekee niliyemkuta hapo akiwa hacheki.

Ni mimi, kwa hasira na heshima zote,
Ambrose Tuckwell

Baada ya kutia sahihi: Barua hii ilichelewa mfukoni mwangu, kwa kuwa niliwahi kwenda Bungeni kupata nafasi juu, wanakokaa watazamaji. Sir Lucius alisimama akaitetea kodi yake, na alisema vizuri mno. Nikaona Bi Dorcas amekwisha. Giza likaingia. Kama ilivyo desturi yao, hoja ikatolewa kwamba mishumaa iletwe. Mtumishi akauweka mmoja mbele ya Waziri, na mbunge wa upande wake mwenyewe akasema, taratibu kabisa, "Usogeze mbali, jamaa. Kuna pua hapo." Tangu hapo, kila Waziri alipofungua mdomo, wabunge waliikinga mishumaa yao kwa viganja. Hatimaye akaketi. Kodi imeondolewa. Hakuna aliyenukuu kijitabu changu.

Bi Dorcas anashona hapa chini ninapoandika. Kibonzo chako amekibandika ukutani, juu ya mshumaa. Naituma barua hata hivyo, kwa sababu imeandikwa vizuri. Lakini pua isiguswe. Na yule kijitu wa pembeni, katika chapa ijayo, naomba asogezwe karibu na mwanga. Mdomo uache kama ulivyo.