Chama cha Wapanda Miamba

Waranti alikuwa ameegemea kaunta ya duka la spea, akisubiri atokee mtu mwenye pesa asizojua pa kuzipeleka, ndipo mama mmoja mfupi alipoingia, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake na kumuuliza muuza duka:

"Samahani, mna matairi makubwa? Nataka makubwa ya kweli. Ya kupandia mawe."

Muuza duka alicheka. Waranti hakucheka. Mtu wa kazi yake haicheki riziki wakati bado inaongea.

Jina la Waranti alipewa na mji. Kila alichouza kiliambatana na karatasi ya dhamana yenye muhuri, na muhuri wenyewe aliuchonga kwenye soli ya kandambili. Aliwahi kuuza betri iliyofika hadi kona ya pili, na rejeta iliyozibwa kwa sabuni ya mche, na zote mbili kwa dhamana ya miaka mitano. Lakini hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu usichotaka kutoa. Waranti alichukua ulichompa kwa mkono wako mwenyewe, tena ukimshukuru. Tofauti hiyo aliithamini sana, na aliwahi kuieleza kwa utulivu mbele ya askari wawili.

"Mama, shikamoo," akasema. "Hapa hawana. Na wakiwa nayo hawatajua kuyafunga. Gari liko wapi?"

Gari lilikuwa nje: pikapu ya zamani, milango miwili, rangi ya maziwa yaliyoungua, nzima kiasi cha kuudhi. Waranti alichuchumaa akachungulia chini yake, moyo ukamruka. Difu zote mbili, vyuma vya gia vinavyozungusha magurudumu, ya mbele na ya nyuma, zilikuwa zile zile zilizotoka kiwandani. Vyuma vya namna ile wenye magari ya mizigo huvitafuta mpaka nchi jirani.

"Ilikuwa ya marehemu mume wangu," alisema yule mama. "Miaka ishirini na miwili. Hakuwahi kuvuka gia ya tatu."

"Na wewe mama, ulikuwa unaiendesha?"

"Alikuwa anasema wanawake wanamaliza klachi."

"Pole sana, mama."

"Kwa msiba au kwa klachi?"

Waranti alicheka, safari hii bila kupanga. Mama akajieleza. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alitaka pikapu iinuliwe, ivalishwe matairi mapana, ifanywe iweze kutambaa juu ya mawe makubwa kama kenge. Haikuwa kwa ajili yake peke yake, alisema. Kulikuwa na chama. Chama cha Wapanda Miamba.

"Chama kinahitaji magari kumi na mawili," akasema. "Hili la kwanza ni la mfano. Likipanda, fundi amejipatia kazi."

Sasa hapa msomaji amwonee huruma Waranti, kwa sababu alikabiliwa na jambo ambalo halikuwahi kumkabili. Mpango wa kawaida ulikuwa rahisi: chukua malipo ya awali, ng'oa difu nzuri, weka za vyuma chakavu, paka rangi, piga muhuri, hama. Lakini gari moja ni difu mbili. Magari kumi na mawili ni difu ishirini na nne. Ili azipate ishirini na nne ilibidi asiziguse hizi mbili. Ilibidi gari la kwanza lipande jiwe kweli. Alikaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba yake mchana kutwa akitafuta njia nyingine, na hakuiona. Jioni ile akafikia uamuzi mgumu kuliko yote maishani mwake: kufanya kazi.

Akamwita shemeji yake. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, mtu mzima mwenye mikono kama koleo, aliyechomelea magrili ya madirisha na vitanda vya chuma katika uwanja uleule wa nyuma. Watu walimwita Kimya, na hawakukosea.

"Tunainua hii pikapu," Waranti alimwambia.

"Kweli kweli?"

"Kweli kweli."

"Siyo kupaka rangi?"

"Siyo kupaka rangi."

 Kimya akaenda bombani kunawa mikono, kabla ya kuigusa.

Kumbe yule bwana alikuwa na kipaji kilichokuwa kikioza kwenye magrili. Alizishusha springi za mabapa ya chuma akazirudisha ndefu na laini, ili gurudumu moja likipanda juu jingine libaki chini limeshika ardhi. Akaifungua difu ya nyuma na kuichomelea ndani, ili magurudumu mawili yazunguke pamoja na lile lililo hewani lisile nguvu bure. Akafunga gia ya mlima iliyopunguza mwendo hadi mtu angeweza kutembea kando ya gari akimenya chungwa. Alikata matao ya bodi kupisha matairi, akaweka vyuma vizito ubavuni, na juu ya viti akasuka fremu ya mabomba ya kuokoa vichwa.

Mwalimu alikuja kila siku saa kumi na kigoda chake. Alikuja pia na chaki. Alichunguza kila mahali palipochomelewa, akachora alama ya vema au ya kosa, na penye kosa alisema neno moja tu: "Rudia." Kimya alirudia bila kunung'unika. Waranti naye, aliyepewa kazi ya kusugua kutu, alipata makosa manne mfululizo kwenye mlango wa kushoto. Siku aliyopata vema alimwita mkewe aje aone, halafu akajishtukia akakohoa.

Tatizo ni kwamba malipo ya awali yaliishia kwenye springi. Mwalimu alisema chama kitalipa mambo yakikamilika. Waranti akauza simu yake. Akajaribu kuuza saa yake ya dhahabu, lakini aliyeletewa alicheka mpaka akakaa chini, kwa kuwa yeye ndiye aliyemuuzia. Likabaki friji. Lilikuwa la mkewe, kubwa, la kuuzia vinywaji baridi barazani.

"Baba nanii, friji langu liko wapi?"

"Limepelekwa kwa fundi. Kuongezwa gesi."

"Kuongezwa? Si lilikuwa linagandisha mpaka soda zinapasuka?"

"Ndiyo maana. Gesi ilizidi. Kumbe nilikosea, limepelekwa kupunguzwa."

Mkewe alimtazama kwa namna iliyomfanya aende kusugua kutu mahali pasipokuwa na kutu.

Siku moja kabla ya matairi kufungwa, Mwalimu alileta mkataba. Aliuandika kwa mkono, herufi zimesimama wima kama wanafunzi kwenye paredi. Gari la mfano, ulisema, litatengenezwa kwa malipo ya awali peke yake, liwe zawadi ya fundi kwa chama. Kisha yakafuata yale magari.

"Soma vizuri kabla hujasaini," alisema Mwalimu. "Soma mpaka nukta."

"Mama, kati yangu na wewe kusoma kwa nini?"

Alisoma mpaka kwenye "kumi na mawili". Hapo macho yake yakajaa difu. Akasaini, akapiga muhuri wa kandambili, tena mara mbili, kwa heshima.

Jumamosi asubuhi wakaenda kwenye machimbo ya mawe nje ya mji. Palikuwa na ukuta wa miamba uliopanda kwa vipande, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikubwa kama meza ya ofisi, na kwa juu ilipita barabara kuu. Waponda kokoto waliweka nyundo chini. Msimamizi wao akatoka kibandani na kikombe mkononi. Kimya akapunguza upepo kwenye matairi mpaka yakatoa matumbo, akasema, "Tayari." Wiki hiyo alikuwa amesema mengi.

Waranti alijipanga kivulini kutazama. Mwalimu akafungua mlango wa abiria.

"Aliyetoa dhamana anakaa hapa."

"Mimi, mama? Mgongo wangu..."

"Panda."

Watu walikuwa wanatazama. Akapanda, akafunga mkanda, akaufunga tena. Mwalimu aliingiza gia ya mlima na pikapu ikauinulia ukuta pua yake.

Jiwe la kwanza walilipita. La pili likawaweka kiti kimoja juu na kingine chini, Waranti akajikuta amelala kwenye kioo cha mlango. Hakujua mikono ya nani ilikuwa imeshika bomba. Baadaye aligundua yote miwili ilikuwa yake.

"Kijana," Mwalimu alisema, macho mbele, "unajua chama chetu kina wanachama wangapi?"

"Wangapi, mama? Twende polepole."

"Umekaa naye."

Waranti alisubiri wengine watajwe. Hawakutajwa.

"Na hao wenye magari kumi na mawili?"

"Ulisoma mpaka nukta?"

Mkataba ulikuwa mfukoni mwa shati. Akautoa kwa vidole viwili, pikapu ikiyumba, akaanza kusoma. Chama kitamletea fundi magari kumi na mawili kitakapoyapata. Akalirudia lile neno la mwisho. Kitakapoyapata. Neno moja tu, na ndani yake sharti zima lilikuwa limekaa kimya miguu imekunjwa.

"Umenitapeli!"

"Mimi? Nilikwambia usome."

"Mama mtu mzima, mwalimu wa watu! Kwa nini mimi?"

"Siku ile ulipochungulia chini ya gari langu, ulizitazama difu kama mtu anayetazama kuku wa jirani. Nikasema huyu mtundu, lakini anajua kizuri akikiona. Mtoto mtundu simchapi. Namwahidi zawadi, nampa kazi. Miaka thelathini na mmoja nimefanya hivyo, na shule ilikuwa inang'aa."

"Simamisha nishuke!"

Akasimamisha. "Shuka."

Waranti aliutazama mlango wake. Nje ya mlango kulikuwa na anga, na chini ya anga palikuwa na ndege, na chini ya ndege alikuwepo Kimya, mdogo kama kisoda. Akaukaza mkanda.

Lilibaki jiwe la juu, lililo pana kuliko mengine. Gurudumu la mbele kushoto liliachana na ardhi likabaki linaning'inia. Pikapu ikatikisika, ikarudi nyuma kiganja kimoja, na Waranti akafumba macho akakumbuka kila mtu aliyewahi kumpigia muhuri. Kisha akasikia, chini ya kiti, difu ya nyuma ikikaza. Springi zikajikunja, magurudumu mawili yakazunguka kwa pamoja, polepole, yakang'ata jiwe.

"Linashika," akanong'ona. Akafumbua macho. "Mama, linashika! Usikanyage mafuta! Liache litambae lenyewe! Kata kulia kidogo, kulia, hapo hapo!"

"Nani anaendesha?"

"Wewe, mama. Lakini kulia!"

Wakatokea juu. Kutoka chini waponda kokoto walipiga kelele na kugonga nyundo kwenye mawe. Mwalimu alizima injini akakaa ameshika usukani, mabega yakimtetemeka, na Waranti alidhani analia mpaka alipoona kwamba anacheka. Miaka ishirini na miwili aliketi upande wa abiria, akihesabu nguzo za umeme kwa mwendo wa gia ya tatu.

"Haya, shuka," akasema, akijifuta macho. "Mimi naendelea."

"Unakwenda wapi?"

Alionyesha kwa kidevu: ng'ambo ya barabara kuu, mbali, palikuwa na vilima vya mawe vingine.

"Nitakushtaki!" Waranti alisema akishuka. "Nakwenda polisi sasa hivi!"

"Utawaambia nini?"

 Waranti akalitafuta kosa kila mahali. Alikuwa amepokea pesa kidogo, akatengeneza gari, gari limefanya kazi, mteja ameridhika. Wiki saba nzima alikuwa mtu mwaminifu bila kujua, na hapakuwa na kituo cha polisi kinachopokea malalamiko ya namna hiyo.

"Nikiyapata hayo kumi na mawili nitayaleta kwenu," alisema Mwalimu. "Msalimie Kimya. Mwambie kazi nzuri sana." Akaingiza gia, akavuka barabara, na pikapu ikaenda zake ikinesa.

Njia ya kushuka kwa miguu haikuwepo. Waranti alishuka kwa makalio, jiwe baada ya jiwe, mbele ya hadhira iliyomshangilia kwa haki, na alipofika chini suruali yake ilikuwa na dirisha.

Kimya alikuwa katikati ya duara la watu, anaongea. Alichora springi kwa kijiti kwenye vumbi, akaeleza difu, akajibu maswali, akajibu hata yasiyoulizwa. Msimamizi wa machimbo alikuwa na pikapu tatu za zamani ambazo hazikuweza kufika mawe ya juu, na alitaka kujua zitachukua muda gani.

"Wiki sita kila moja," alisema Kimya. "Vifaa unanunua wewe, na bei nakwambia leo, haibadiliki." Akamwona Waranti. Sauti ikashuka. "Shemeji, dada amepiga simu. Amekwenda kwa fundi wa friji."

Waranti akakaa juu ya jiwe, kisha akakumbuka dirisha la suruali, akasimama.

Msimamizi alimtazama toka vumbi la kichwani mpaka vumbi la viatuni.

"Na huyu bwana je? Ndiye mwenye gereji?"

 Kimya alimgeukia Waranti akangoja, kama watu wote pale.

Ulimini majibu yalikuwepo, mengi, yamepangwa kama kawaida. Mkurugenzi. Mhandisi mshauri. Mwakilishi wa kampuni kwa ukanda wote. Waranti alijipangusa vumbi la kichwani.

"Mimi ni shemeji yake," akasema.

Kimya akampa jeki aibebe.