Banda la Kumrudisha Mama Pacha

Jumamosi, 1 Machi

Nimenunua banda la mimea! La polikaboneti, yaani ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga na kuzuia baridi, upepo na macho ya majirani. Lilikuwa kwenye punguzo. Bango jekundu, watu wanasukumana, mimi mbele. Muuzaji alikiri kwamba boksi limechanika na karatasi ya maelekezo imepotea, ndiyo maana bei imeporomoka. Nikamwambia maelekezo ni ya watu wasio na akili ya mikono. Akaitazama mikono yangu. Akanikatia risiti.

Sababu ya ununuzi: Mama Pacha. Yuko kwa dada yake tangu Januari. Alikwenda kupumzika kidogo, na hicho kidogo kimeota mizizi. Aliondoka baada ya lile bwawa la samaki nililochimba katikati ya bustani yake ya mboga. Nilitaka kumshangaza. Maji yaliingia jikoni. Samaki walikufa kwa sababu zao wenyewe. Hakugomba hata kidogo, alifunga mkoba tu. Hapo nikaogopa, maana mke wangu akigomba ujue nyumba iko salama.

Mpango ni huu. Banda litasimama palepale lilipokuwa bwawa. Ndani nyanya, pilipili, maua anayoyapenda. Habari zitamfika. Atakuja kuona kwa macho yake. Atatabasamu. Atabaki.

Pacha wamenipigia, kwanza mmoja, kisha mwenzake, kila mtu kutoka kwake. Wote wawili wanasema nimpigie tu mama yao nimwombe arudi. Nimpigie tu! Vijana wa leo hawajui mapenzi yanavyofanya kazi.

Jumapili, 2 Machi

Asubuhi nimeweka vikombe viwili mezani. Nimekirudisha kimoja kabatini.

Nyumba imekuwa kubwa. Cherehani yake iko palepale dirishani, imefunikwa kitambaa. Nilikuwa nikiilalamikia kila taarifa ya habari inapoanza, kwamba inanizibia masikio. Leo nimefunua kitambaa nikazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, nisikie tu ule mlio. Haukuwa wenyewe. Yeye hukanyaga huku anaimba wimbo usio na maneno, na akikosea mshono hujisonya mwenyewe. Nimeimiss hata ile misonyo. Nimemkumbuka mke wangu, basi.

Mstaafu amechungulia ukutani. Huyu ni jirani yangu, alikuwa posta maisha yake yote, na sasa hana barua za kupeleka ila anapeleka maneno. Ameliona boksi. Ameuliza kama ni jeneza. Nikamjibu kwa heshima kwamba ni banda la kisasa la kukuzia mimea. Akasema yeye mimea yake huikuza nje, kwenye jua, bure.

Nyanya zake ni nyekundu kupita kiasi. Mama Pacha alikuwa na tabia ya kusimama pale ukutani akizitazama na kuvuta pumzi. Kuvuta pumzi kwa nyanya za mwanamume mwingine! Yataisha haya.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Shimo limefukiwa. Nimemwita shemeji, mdogo wake Mama Pacha, fundi wa kuchomelea mageti. Nimemchagua kwa sifa mbili: ana drili, na kila anachokiona kwangu, jioni kinamfikia Mama Pacha.

Shemeji si msemaji. Amelizunguka lile rundo la vyuma na paneli, kisha akaomba karatasi ya maelekezo. Nikamwambia iko kichwani mwangu. Akaomba basi tupange kwanza vipande chini tuvihesabu. Nikamwambia tutavijua vikishasimama. Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Kwa shemeji hiyo ni hotuba.

Mchana fremu imesimama! Imeinama kidogo upande wa kulia, lakini ukiinama nawe huoni tatizo.

Dosari moja ndogo. Nilikanyaga paneli ya paa wakati narudi nyuma kulitazama banda kwa fahari. Ikapasuka. Nikaamua haraka, kama kiongozi: paneli ya mlango iende paani. Shemeji akauliza, na mlango je? Nikamwambia mlango ni jambo la mwisho. Nyumba huanza na paa.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji amechelewa, lakini amekuja na habari. Amemwambia Mama Pacha kuhusu banda. Nikamuuliza, alisemaje? Alisema "aha."

Aha ya namna gani? Shemeji hajui. Ilipanda au ilishuka? Shemeji anasema ilikuwa aha ya kawaida. Nimemwomba aiseme kama alivyoisema yeye. Ameisema. Nimemwomba tena. Akaniuliza kama leo tunafanya kazi au tunafanya aha.

Mimi naamini ilipanda. Mtu asiyejali husema "sawa." Aha ina mlango wazi ndani yake. Siku nzima nimeitembeza mdomoni. Mstaafu amenisikia nikiitamka peke yangu karibu na ukuta, akajibu "aha" kutoka upande wake. Sikuipenda yake.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike nikiwa bado na jasho.

Asubuhi tumefunga kuta. Mimi nilikuwa ndani nikishikilia paneli, shemeji nje akikaza skrubu. Nilichagua kukaa ndani kwa sababu Mstaafu alikuwa ameweka kiti ukutani kabisa, kama mtu aliyekata tiketi, na kupitia polikaboneti asingeona ninapokosea. Tumekaza ukuta wa nyuma. Tumekaza wa kulia na wa kushoto. Tulipofika wa mbele shemeji akasita. Akasema, shemeji, wewe uko ndani. Nikamwambia najua niko wapi, kaza! Akakaza. Pembe zote.

Kisha simu yake ikalia. Geti la mteja limeangukia gari la mteja. Akapanda pikipiki na drili yake. Nikapiga kelele nimefungiwa, lakini injini ilikuwa imewaka. Nikapunga mikono yote miwili. Naye akanipungia, akaenda.

Simu yangu ilikuwa ndani ya nyumba, kwenye chaji. Jua likapanda. Hapo nikathibitisha kwamba bidhaa ni nzuri, joto haliponyoki hata chembe. Nilivua shati. Nilivua viatu. Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Kuivunja paneli? Kwa bei ile ya punguzo? Kamwe. Kumwita Mstaafu? Bora nife nimeiva.

Ndipo nikasikia geti. Hatua nazijua. Mama Pacha!

Kupitia polikaboneti mtu haonekani, inaonekana rangi yake tu. Nikaona kijani. Ni lile gauni alilojishonea mwenyewe, lenye mifuko, kwa sababu anasema mwanamke asiye na mfuko anamshikia mumewe kila kitu mkononi. Kijani kikaingia nyumbani. Kikatoka na kitu kizito, na gurudumu likalia ule mlio. Alikuwa amekuja kuchukua cherehani! Mtu akichukua cherehani hakai tena kwa muda, amehamia.

Nikasahau heshima yote. Nikamwita jina lake, lile la kabla hajawa mama wa mtu.

Akaiweka cherehani chini. Akaja. Akauliza niko wapi. Nikasema humu. Akauliza mlango uko wapi. Nikasema ni jambo la mwisho. Kisha nikasikia kicheko, kile cha puani, anachokizuia kwa mkono. Tangu Januari sikuwahi kukisikia. Ningefungiwa tena kesho kwa kicheko hicho.

Hakukimbilia kunifungulia. Alileta ndoo, akaigeuza, akaikalia karibu na ukuta wangu. Nikakaa na mimi, chini, upande wangu. Tukazungumza hivyo, plastiki katikati. Akaniuliza hili banda ni la nani. Nikasema lako. Akauliza nani amelitaka. Nikafuta jasho. Akasema amengoja kwa dada yake wiki baada ya wiki, kila pikipiki inayosimama nje anadhani ni mimi. Akasema dada yake ameanza kumwandalia chumba cha kudumu, na yeye hana tena sababu za kumkatalia. Sauti yake ilikatika hapo. Akasema katika maisha yetu nimemletea mashine ya juisi, bata, pikipiki isiyo na injini na bwawa, na hajawahi kuviomba. Anataka jambo moja. Niende kwa dada yake Jumapili, saa nne, nibishe hodi, niseme mbele ya watu kwamba namtaka arudi. Nije mikono mitupu. Mimi tu. Nisipokuja atajua nimeamua, na hatangoja tena.

Nikaweka kiganja kwenye polikaboneti. Rangi ya mkono wake ikaja upande wa pili. Ilikuwa ya moto, lakini huenda ni jua.

Kisha akaingia jikoni akatoka na kisu cha mezani, akafungua skrubu za paneli ya mbele, moja baada ya nyingine, kwa ile subira ya kufumua mshono. Nilipotoka alinitazama kuanzia kichwani hadi miguu mitupu. Akaniambia nimekonda. Akairudisha cherehani dirishani. Akaondoka na mkoba wake mtupu.

Ameirudisha cherehani!

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya furaha. Nimepiga pasi suruali ya Jumapili. Nimekata nywele, kinyozi ameuliza kama naoa, nikamwambia karibu na hapo. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo: "Mke wangu, nakutaka urudi." Ni fupi mno. Inahitaji kitu cha kuisindikiza.

Alasiri upepo umevuma. Banda, ambalo halikuwa limefungwa chini kwa sababu kufunga chini pia ni jambo la mwisho, limepanda ukuta na kulala juu ya nyanya za Mstaafu. Zote zimepondeka. Nilikwenda kumwomba radhi nikijikaza nisitabasamu. Hakukasirika. Alikuwa ameinama akiokota nyanya chache zilizobaki nzima, akasema alikuwa akizipeleka kaburini kwa marehemu mkewe kila wiki, maana mkewe alizipenda. Sikujua. Nimemsaidia kuokota. Akaniambia nina bahati, wangu bado anaweza kuombwa arudi.

Mzee wa watu. Maneno mazito. Nitayatia maanani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejifunza mengi wiki hii. La kwanza, banda linahitaji mlango.

Muuzaji amepiga simu. Kesho asubuhi wanamaliza mzigo. Kuna banda kubwa zaidi, la milango miwili! Boksi halijachanika! Maelekezo yamo! Nilikataa palepale, nikamwambia nimeahidi mikono mitupu. Akasema sawa, atampa mwingine.

Nimezunguka sebule nzima nikifikiri. Mama Pacha alisema nije mikono mitupu. Lakini wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na wahenga wana umri mkubwa kuliko Mama Pacha. Na isitoshe, banda haliwezi kubebwa mikononi. Litakaa garini. Mikono itakuwa mitupu kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa kwenye foleni. Duka limechelewa kufungua, lakini nimepiga mahesabu, muda upo. Dereva wa pikapu ananingoja nje na injini inanguruma. Suruali bado imenyooka. Mbele yangu kuna mama mmoja anayebishana juu ya vyungu, kisha mzee, kisha mimi. Banda naliona kutoka hapa. Milango yote miwili inafunguka! Namwona Mama Pacha akiingia kwa huu na kutoka kwa ule, akiimba.

Imegonga saa nne na kidogo. Huyu wa vyungu amemaliza.

Simu inaita. Mama Pacha. Nikipokea atasikia kelele za duka, na mshangao wote utaharibika. Inaita. Inaita tena.

Imenyamaza. Ana subira, mke wangu. Ndiyo maana nampenda.