Simu Kumi na Moja Kwenye Mtindi

Jumatatu, 2 Juni
Manyunyu tangu alfajiri. Mdomo wangu umeniponza. Jana kwenye kikao cha harusi ya mwanangu Hezron, jirani yangu Winfrida alisimama akaahidi keki ya ngazi tatu. Vigelegele! Mimi mama mzazi nikae tu? Nikasimama nikaahidi pete ya bibi harusi. Ya dhahabu. Sina hata hereni ya dhahabu. Harusi tarehe ishirini na nane.

Leo mchana Mwalimu Sia kaja kanisani kuongea na akina mama. Kumbe simu mbovu zina dhahabu ndani! Wanaozichoma wanavuta sumu, wanaotumia tindikali wanaharibu mito. Sasa wataalamu wanainasa dhahabu hiyo kwa kitu kinachotokana na maziwa. Maziwa! Si nina ng'ombe? Sikungoja amalize. Winfrida alikuwa anaandika.

Jumatano, 4 Juni
Nimezunguka na bodaboda kuanzia Msasani ya huku kwetu mpaka Isongole. Simu kumi na moja. Kila mtu namwambia natunza mazingira. Mzee Anyitike alinipa mbili, akaniombea na baraka. Niliona aibu. Nikazichukua.

Nimezifungua kwa kisu cha jikoni, nikatoa betri maana naogopa zisilipuke. Simu zenyewe nimezitumbukiza kwenye ndoo ya mtindi. Ndoo iko stoo, nyuma ya viazi. Naichungulia kila saa. Bado nyeupe.

Ijumaa, 6 Juni
Mume wangu Abrahamu alirudi saa saba kutoka kuchuma chai, ana njaa. Siku mbili nimemdanganya kuwa ng'ombe hatoi. Akaenda stoo kuchukua viazi. Akarudi anafuta mdomo. Akasema mtindi ni mzuri ila una ladha ya sarafu. Vikombe viwili!

Nilimpakia bodaboda, mimi nyuma, nimemshika kama mtoto. Zahanati, nesi Anneth akauliza amekula nini. Mtindi. Mtindi ulikuwa na nini? Nikatazama dari. Akauliza tena.

"Ulikuwa na simu," nikasema.

"Simu ngapi, mama?"

"Kumi na moja."

Akaweka kalamu chini.

Wamemwangalia mpaka jioni. Mzima, namshukuru Mungu. Lakini zile saa pale kwenye benchi! Nilikuwa natazama viatu vyake chini ya kitanda, vina tope la shambani, kamba moja imefungwa kwa fundo nililomfungia mimi asubuhi. Nikawaza, hiyo pete itamfaa nini Hezron kama baba yake hayupo kuiona?

Jumamosi, 7 Juni
Mwalimu Sia kanifuata nyumbani na somo lote nililolikimbia. Hakunisema. Kumbe vile vibamba vya ndani ya simu kwanza vinayeyushwa kwenye mitambo maalumu. Ndipo wanaingiza sponji iliyotengenezwa kwa maji ya maziwa, yale yanayobaki ukitengeneza jibini, inanasa dhahabu bila sumu nyingi. Na simu moja ina chembe tu. Zangu zote hazitoshi pete ya sisimizi. Akanikataza kumwaga ule mtindi shambani au mtoni. Kaondoka na ndoo imefunikwa, na betri zote, azipeleke wanakozipokea.

Abrahamu alikuwa anasikiliza. Akaomba sabuni. Akakaa kwenye kigoda anazungusha pete yake ya ndoa, ya dhahabu, miaka ishirini na saba haijawahi kutoka. Ikatoka. Kidole kimebaki na alama nyeupe.

"Fundi ataipunguza," akasema. "Mimi hata bila pete wanajua ni wa nani."

Ndaga fijo, nikamwambia, asante sana. Nikaenda jikoni nikalia vizuri.

Jumapili, 8 Juni
Kikao tena. Pete imepita mkono kwa mkono, wamesifu. Winfrida akaigeuzageuza, akasema kweli nzuri, sasa ya bwana harusi anatoa nani? Abrahamu alinivuta gauni. Nilikuwa nimeshasimama.

Nimekaa nimetafakari. Kosa langu lilikuwa mtindi. Yanatakiwa maziwa mabichi, yenye nguvu. Na Mwalimu mwenyewe alisema kompyuta ina dhahabu nyingi kuliko simu. Meshaki wa steshenari anazo tatu mbovu, kesho nazifuata.

Ndoo mpya nimeiandika SUMU kwa mkaa, herufi kubwa. Juu ya kifuniko nimeweka miwani ya Abrahamu ya kusomea.