Miche Arobaini na Ndoo ya Samadi

Jumatatu, 3 Machi
Mjomba ametugawia malisho ya juu, mimi na binti yake, yule ninayemwita Rula kwa sababu hata usingizi anaupima. Miche arobaini kila mmoja, imepandwa katikati ya nyasi. Anataka ng'ombe wajilie chini ya miti, kiangazi wapate kivuli. Mwenye miche mingi hai siku ya Jumapili anapewa mtamba mwekundu, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Awe wake kabisa! Rula ameshaanza kuzungushia miche yake miiba, vidole vinamtoka damu. Maskini. Mimi nimelala chali. Naviona vivuli vyangu ambavyo bado havijaota. Ng'ombe wanacheua humo polepole, kama wazee wanaokumbuka jambo. Mtamba wangu yuko mbele.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Ng'ombe hali penye mavi yake. Nani kaligundua? Mimi. (Bwana shamba aliwahi kulisema, lakini nilikuwa nasinzia, kwa hiyo halihesabiki.) Nikakoroga samadi na maji, nikapaka miche yote kwa ufagio. Saa moja tu! Rula akauliza kama hiyo harufu ni ya kazi au ni yangu mwenyewe. Wivu. Uji uliobaki nikaumwaga kwenye nyasi, ndoo nne nzima, mpaka uzioni. Ulinzi wa ziada.

Jumatano, 5 Machi
Ng'ombe sita wameingia upande wangu. Hakuna aliyegusa mche! Wala unyasi. Wamesimama kutwa wakinitazama kama wageni waliokaribishwa mezani, sahani tupu. Jioni mjomba akachungulia maziwa, akaniuliza, we mpwa wangu, leo umewalisha upepo? Akaapa kwamba kesho wakirudi na njaa tena, mtamba nimsahau.

Alhamisi, 6 Machi
Alfajiri nikaanza kuosha. Kisima kiko bondeni, na mtu mwenye akili hashuki bondeni. Langoni kuna pipa limejaa. Ndani yake limo jiwe la chumvi ambalo ng'ombe hulamba. Lilitumbukia wiki iliyopita. (Nililitumbukiza mimi. Si muhimu.) Maji ni maji. Nikaosha mche mmoja mmoja, majani yakameremeta. Nyasi nikazirushia kidogo. Ng'ombe wakaingia. Ukungu ulikuwa umelala juu ya malisho, mweupe, laini, nami nikalala chini yake. Nikaota msitu. Nikaota natembea ndani yake bila kugusa ardhi, na mvua ndogo inanyesha juu ya majani: fyu, fyu, fyu. Raha iliyoje!
Nikaamka. Haikuwa mvua. Zilikuwa ndimi sita.

Jumapili, 9 Machi
Rula, miche thelathini na minane. Mimi mitatu, na mmoja mjomba anasema ni fimbo.
Mtamba amekwenda kwa Rula. Alipopita na kamba langoni nikageuka kando kufuta macho. Vumbi. Rula akaniambia taratibu, kaka, njoo kesho nikufundishe kufunga miiba. Nikamjibu nina shughuli.
Mjomba kanipa miche mingine, kasema hii ni ya mwisho. Bwana shamba akanishika bega: kijana, kosa lako ni moja tu, huulizi. Kabla hujatenda jambo, uliza kwanza. Maneno mazito! Yameniingia moyoni.
Kwa hiyo jioni, nilipokwisha kukoroga pilipili ndooni, sikukurupuka. Nilikwenda zizini nikamwuliza mtamba kama ana neno.
Hakupinga.