Ombi la Babu Yake Babu Kuandikwa "Mumewe"

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kitabu cha Ukoo, ambaye pia ni Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo. Naandika kwa sababu juzi niliposimama mbele ya kamati sauti ilinikauka, mkasema nimemaliza hoja. Sikuwa nimeanza. Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa, hivyo nalalamika haraka:

1. Ukurasa wa tatu unamtaja babu yake Babu kwa jina, hilohilo tunaloitwa ukoo mzima, pamoja na shamba lake na punda wake Hodari, aliyepewa aya nzima. Bibi yake Babu, aliyezaa watoto tisa na kulilima shamba hilo, ameandikwa "na mkewe". Hata punda angeona aibu.

2. Kabla ya kikao hicho cha juzi, nilipoomba atajwe kwa jina, ulisema, "Wewe si umemaliza shule, huna kazi? Katafute. Ila bila maandishi hatuandiki mtu." Nilikwenda ofisi ya nyaraka siku nne. Karani wa dirishani alidai cheti cha kuzaliwa. Nikamweleza kwamba mhusika alizaliwa zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita. "Basi aje mwenyewe," akasema, "na picha mbili." Nilishukuru nikaondoka; ndivyo nilivyo. Siku ya nne alichoka kuniona, akanifungulia stoo.

3. Nimempata. Daftari la baraza la wazee wa kijiji linamwita Machachari. Alishtakiwa mara tano, ikiwemo kusogeza mpaka wa shamba na kumwambia mwenyekiti wa baraza akapige mswaki kwanza ndipo amhukumu. Safari moja alileta watoto wote tisa wakae barazani mpaka wazee wasalimu amri. Karani wa baraza aliorodhesha majina yao, na ndio haohao walio katika kitabu chetu.

4. Babu yake Babu nimemtafuta daftari zima. Hana jina. Ametajwa mara moja tu: "Mume wa Machachari alikuja kumwombea msamaha. Mkewe akamwambia arudi nyumbani, chungu kiko motoni."

5. Kwa kanuni yako mwenyewe, asiye na maandishi haandikwi. Naomba basi ukurasa wa tatu usomeke "Machachari na mumewe". Na kwa kuwa ukoo mzima hauwezi kubeba jina la mtu asiye na ushahidi, sote tubadili tuitwe Machachari, tukianza na kitambulisho chako, leseni yako ya udereva na kibao cha duka lako. Kibao nitapaka rangi mimi; kazi sina.

Msalimie Mama Mkubwa, ambaye ndiye katibu wa kamati, na yule mjumbe anayesinzia. Akiamka mwambie nilikuja.

Ni mimi, mtiifu wako hadi Ijumaa,
Binti wa mdogo wako.

Baada ya sahihi: Leo asubuhi nilirudi stoo kunakili ukurasa wa mwisho. Bibi yake Babu alikwenda barazani kudai jina la Machachari, alilobandikwa na mawifi zake, lisiandikwe tena katika daftari lolote, la siku ile wala la siku zijazo. Karani akamwuliza jina lake halisi. Akajibu kwamba halimhusu. Ombi lilikubaliwa, wazee wote wakiwa wamesimama.

Kwa hiyo, Baba Mkubwa, andika tu "na mkewe". Ila ujue aliyekuruhusu ni yeye.