Kipande cha Mwisho Kwenye Nta

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Daktari mkuu wa maabara ametangaza kwamba chumba cha giza, chenye darubini mpya ya kusomea jeni zinazong'aa, kitapata msimamizi wiki hii. Tunaogombea ni wawili: mimi, na fundi mwenzangu ninayemwita Bi Taratibu, kwa sababu hata meza anaifuta kama anambembeleza mtoto. Sina wasiwasi. Nimefika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba cheo nimeshapata. Ameshawapigia simu dada zake wote. Sasa itabidi nikipate kweli.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: nimshinde kwa kasi. Kazi yenyewe ni hivi. Nyama ya mgonjwa imegandishwa ndani ya nta. Unaikata nyembamba kuliko ganda la kitunguu, unaibandika kwenye kioo, unaondoa nta, halafu unaitia kwenye enzaimu itafune protini zinazofunika viini vya seli. Hapo ndipo rangi inayong'aa hupata mlango wa kuingilia mpaka kwenye jeni. Bi Taratibu, mwenye vioo vya mgonjwa mwingine, huopoa kioo, hukichungulia, hukirudisha, hukiopoa tena. Kama mpishi anayeonja chumvi! Mimi nimezidisha enzaimu, nikapandisha joto, nikaenda kumweleza mlinzi maoni yangu kuhusu uongozi. Mlinzi ni msikilizaji mzuri. Nimekawia. Hata hivyo nimemaliza wa kwanza, nimetia rangi, nimeacha vioo vilale nayo mpaka kesho. Nimepita mbele ya meza yake nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi
Giza. Nilidhani sijawasha taa ya darubini. Nimewasha. Giza. Nimefuta miwani. Giza lile lile, safi zaidi. Nimekitazama kioo kwa taa ya kawaida: hakuna seli, kuna vivuli vya seli. Enzaimu imekula protini, ikala viini, na ingepewa nafasi ingekula na kioo.

Nimeulaumu umeme. Nimeilaumu formalini, dawa inayohifadhi nyama isioze. Nilikuwa najiandaa kuilaumu mikono ya Bi Taratibu, maana ndiye aliyekata vipande, nilipotoka koridoni nikamkuta binti wa mgonjwa ambaye nyama yake nimeiharibu, amepakata mkoba wa mama yake. Mama ana saratani ya titi. Kipimo hiki ndicho kitakachoamua kama kuna dawa maalumu itakayomfaa.

"Daktari," akaniita, "majibu ya mama yametoka?"

Mimi si daktari. Sikumsahihisha. Nikasema bado kidogo. Akanishukuru! Afadhali angenitukana.

Kwenye nta imebaki nyama nyembamba kama ukingo wa ukucha. Kumchukua mama nyama nyingine hakuwezekani kwa sasa, hali yake hairuhusu. Nimerudi kwa Bi Taratibu nikamwambia kwamba nataka kuupima ujuzi wake. Amekitazama kioo changu, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, hii umeitayarisha au umeipika?"

Nimekiri kwamba nimeipika. Amenipeleka kwa daktari mkuu nikakiri tena. Nimefokewa mpaka masikio yakapata moto.

Alhamisi, 6 Machi
Bi Taratibu amekata. Ameniamuru nizuie pumzi, maana pumzi yangu ingepeperusha kila kitu. Kipande cha kwanza kimejikunja kama jani kavu. Jasho! Cha pili kimeelea juu ya maji ya uvuguvugu, kimetulia, tumekipokea kwenye kioo. Cha tatu hakuna. Nyama imekwisha.

Nilitaka amalizie yeye. Amekataa. Amesema akinifanyia leo, kesho nitapika tena. Yeye atasimama begani kwangu. Basi nimeopoa, nimechungulia, nimerudisha. Tena. Na tena.

"Dada, sasa nitoe?"

"Wewe unaona nini?"

Naona viini, vya mviringo, kingo zake safi. Nimetoa. Nimetia rangi, nikakiacha kioo kilale nayo mpaka kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Chumba cha giza. Daktari mkuu kwenye darubini, sisi wawili nyuma yake hatuthubutu kukohoa. Amechungulia weee, kisha akaniachia kiti. Viini vya buluu! Ndani yake nukta chache za kijani, za kulinganishia, na nukta nyekundu, za jeni yenyewe, zimejazana kama watu mlangoni mwa benki mwisho wa mwezi. Jeni imejiongeza. Saratani ni kali, lakini dawa yake ipo. Daktari amekwenda mwenyewe kumweleza binti. Nimemsikia akilia, kisha akiuliza wanaanza lini. Nami nimelia. Nimewaambia ni mvuke wa dawa ya kuondolea nta.

Msimamizi ni Bi Taratibu. Mimi ni msaidizi wake, kwa majaribio. Haki kabisa. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Nimeapa: sitaharakisha tena kitu chochote maishani.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Taratibu yuko kikaoni. Ameniachia vioo vya mazoezi, vikauke vyenyewe. Vyenyewe! Mtu mzima nikae nikitazama vioo vikikauka! Nimegundua dada wa mapokezi ana feni kubwa. Kuazima feni si kuharakisha, ni kuisaidia hewa. Nimevipanga vioo ukingoni mwa meza, mahali upepo unapopita vizuri, nikaifungulia mpaka mwisho. Kimoja kimeanza kutembea. Dalili nzuri: kinakauka.